Sikukuu Pemba na bunduki ndogo ya Ami

Jumanne

Boti ya asubuhi kutoka Malindi, Unguja, ilijaa hadi vijia: mabegi ya nguo za sikukuu, feni, keki ndani ya maboksi, watoto waliolala juu ya mapaja ya watu wasiowajua. Wiki ya Idd kubwa kila Mpemba anayeishi Unguja hukumbuka kwao. Mie nilikuwa na mwanangu wa kiume, yuko kidato cha tatu, na Ami, mdogo wake marehemu baba, ambaye siku hizi tunakaa naye mjini kwa sababu ya kliniki ya macho. Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wa jicho, la kushoto linasubiri zamu yake.

Tulipoiacha Nungwi nyuma mkondo ukaanza kututikisa, na wahudumu wakapita na mifuko ya kutapikia. Mwanangu, ili babu yake asiitazame bahari, akamfungulia simu. Alikuwa yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Yusuf Dikeç: mtu mzima wa miaka 51, kavaa fulana na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, wa pili umeshika bastola ya upepo, analenga shabaha ya mita 10 kama mtu anayesubiri daladala. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha, lakini picha iliyozunguka dunia ni ya huo mkono mfukoni.

Ami akaitazama, akaomba irudishwe, akaitazama tena.

"Hafumbi jicho," akasema.

"Nani, babu?"

"Huyu. Macho yote mawili wazi. Muulize mama yako nilimpigia kelele miaka mingapi afumbue."

Mwanangu akanigeukia. Alijua babu yake aliwahi kuwa na bunduki. Kwamba na mamake alikuwa akiipiga, hilo hakuwahi kulisikia, na mie sikuwa na sababu ya kulificha, ni kwamba halikuwahi kuulizwa. Basi toka hapo mpaka Mkoani ikawa maswali tu. Ilikuwa kubwa? Ilikuwa inarusha teke? Ulipiga nini? Ulimpiga mtu? Mama mmoja wa kiti cha mbele alikuwa amejifanya kalala, lakini kila nikijibu naona ushungi unasogea.

Mkoani jua lilikuwa kali, wapiga debe wakali zaidi. Tukapanda gari hadi Chake kupitia Mtambile, kisha Wete. Njia nzima Ami alikuwa akitazama mikarafuu na kutoa hukumu: huu umebeba, huu wa mwenyewe mvivu. Karafuu bado zilikuwa changa, vishada vya kijani. Tulifikia kwa Shangazi, akatuletea kahawa na halua ya Wete, akasikiliza tunayozungumza, akatia mkono kiunoni.

"Nyinyi bado mna habari za bunduki ile tu?"

Jumatano

Ukisimama bandarini Wete, Mtambwe unaiona ng'ambo ya mkono wa bahari. Tulivuka kwa mashua maji yalipojaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto wa skuli, Ami akivuka hapa na bunduki imeviringishwa ndani ya mkeka, na kibali chake kimefungwa kwa nailoni, maana karatasi ikilowa huna la kumwambia askari. Aliruhusiwa kumiliki bunduki kwa ajili ya kulinda mazao. Kima walikuwa wakimaliza mahindi na ndizi. Kusema kweli kima aliowapiga ni wachache mno, wengi walikuwa wakishauona ule mkeka unateremka kilima hawasubiri kufunuliwa.

Bunduki zilikuwa mbili. Ya kwanza ni .22 (ndicho kipimo cha unene wa risasi yake, kwa inchi), iliyotengenezwa Brno, Czechoslovakia, yenye magazini ya risasi tano. Ilimfikia ikiwa imeshatumika na watu wengine, na kwenye kitako kulikuwa na alama za meno, ya mbwa au ya mtoto hatukujua. Ya pili ni Diana ya Ujerumani, bunduki ya upepo, ile unayoukunja mtutu ili kuibana springi ndani. Risasi zake zilikuwa za milimita 4.5, zimebanwa kiuno katikati na kuachwa uwazi nyuma, unazibeba mdomoni ili mikono iwe huru mpaka Bibi akuone akutandike kofi. (Madini ya risasi ni sumu, Bibi hakulijua hilo kwa kitabu, alichukia uchafu tu. Alikuwa na haki kuliko sisi sote.)

Kila mtoto alianzia kwa Diana. Watu hudhani ya upepo ni ya kuchezea, na hapo ndipo inapowaumbua. Springi ikiachiwa, pistoni inakwenda mbele kwa nguvu na bunduki inaruka nyuma. Kisha pistoni inagonga mwisho wa bomba na bunduki inasukumwa mbele. Na muda wote huo risasi bado iko ndani ya mtutu haijatoka. Ukiibana kwa nguvu ili isicheze, ndiyo inazidi kukupotosha. Ami alitufundisha kuilaza juu ya kiganja kilichofunguka, bila kuikamata, shavu liguse tu mbao, na ukishafyatua ubakie hivyo hivyo mpaka yeye aseme basi. Aliyeiweza Diana, siku akipewa ile .22 alikuwa hana tena la kuogopa, kwa sababu .22 teke lake halimwamshi mtoto aliyelala begani.

Binamu yangu mmoja alikuwa mtundu. Akagundua kwamba ukitia tone la mafuta ya taa nyuma ya risasi ya Diana, ule mbano wa hewa unayawasha na mlio unakuwa wa bunduki ya kweli, pamoja na moshi. Alitupigia miwili, tukashangilia. Ami akatokea kwenye migomba, hakuuliza kitu, alivuta harufu tu. Springi ile haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Pa kupigia palikuwa mahali pamoja tu. Nyuma ya nyumba kilima kilikatwa udongo wa kujengea, kikabakisha ukuta mwekundu unaozidi kimo cha mtu, na pembeni mwembe. Hapo tu. Risasi ya .22 ni kipande cha gramu 2.6, chenye unene wa milimita 5.6, lakini kikikosa cha kukizuia kinaweza kwenda zaidi ya kilomita nzima, na ng'ambo ya shamba letu wanawake huenda pwani kuchokoa chaza. Kwa hiyo nazi juu ya mnazi hailengwi. Ndege juu ya tawi halengwi. Maji ndiyo kabisa, kwa sababu risasi hugonga uso wa maji ikaruka tena. Mtoto akigeuka na bunduki mkononi kujibu aliyemwita nyuma, basi siku yake ilikuwa imekwisha, hata kama ndio kwanza anaanza, hata kama bunduki haina kitu.

Tulipiga makopo ya maziwa ya unga. Tulipiga vifuu vilivyopangwa juu ya gogo. Tulichokipenda zaidi lakini ni karatasi za daftari zilizochorwa duara kwa mkaa, duara la nje kwa mdomo wa bakuli, la kati kwa kikombe, la ndani kwa sarafu. Mwanangu alikuwa ameshatafuta kwenye simu akaniambia kwamba kwenye shabaha ya Olimpiki ya bunduki ya upepo ya mita 10, ile kumi ya katikati ni nukta ya nusu milimita. Nikamwambia sisi kumi yetu ilikuwa thumni, na tuliikosa.

Sasa hili la kuuliza. Ukishafyatua, kabla hujainuka, kabla hujatazama, Ami alikuwa anauliza: "Imekwenda wapi?" Ulitakiwa umjibu. Juu. Kulia kidogo. Kumi. Kisha ndipo mtu anakwenda kwenye karatasi kuangalia. Ukisema kumi na tundu likawa pembeni, hasira yake haikuwa ya kukosa. Ukisema chini kushoto na kweli tundu likawa chini kushoto, alikuwa anatingisha kichwa kwa furaha na kukuongezea risasi moja, ingawa umekosa. Mtoto wa mjini anaweza asilielewe hili. Unapofyatua, kile kilengeo cha mbele kina mahali kilipokuwa nukta ile ile, na kama umekiona, jibu unalo. Kama hukukiona, ulikuwa umeshafumba macho kwa kuogopa mlio. Swali lake lilikuwa ndilo mtego. Nilifumba muda mrefu sana, na kila nikibahatisha jibu alijua.

Risasi zilikuwa adimu. Za .22 zilikuja kwenye kiboksi cha hamsini, na kilipopatikana kilikaa miezi. Ami alikuwa anazipanga juu ya jamvi kwa safu, kila mtoto na fungu lake, hakuna kukopeshana. Nilipenda maganda yake. Yalikuwa ya shaba nyepesi, bado yana moto kidogo ukiyaokota, yananuka baruti na mafuta, na ukiligeuza ganda unakuta kwenye ukingo wa kitako kijishimo kimoja kilichobonyezwa na pini. Risasi hizi hazina fataki ya katikati. Fataki imo ndani ya huo ukingo wenyewe, umezungushiwa wote, ukibonyezwa popote unawaka. Kwa hiyo ganda likishapigwa halijazwi tena. Aina hii imetoka Marekani tangu mwaka 1887 na haikubadilika kiasi cha kusema. Sisi tuliyapuliza filimbi, tukawafukuza kuku wa Bibi.

Bibi ndiye aliyekuwa mpinzani mkuu. "Mtoto wa kike na bunduki! Nani atakuja kumwoa huyu?"

"Atakayeogopa asije," Ami alikuwa anamjibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye jamvi lake.

Jioni tulichimba. Ukuta ule wa udongo ulikuwa unarudisha kila tulichoupa, tukazitoa risasi kwa ncha ya kisu, tukazitia kwenye kopo, Ami akaziyeyusha juu ya mafiga akamimina chubwi za mishipi yake. Kwa hiyo samaki tuliokula nao walikuwa na mchango wetu. Mwaka 1984 watu wa mambo ya kale walipoifukua ile hazina ya sarafu za fedha pale Mtambwe Mkuu, zaidi ya elfu mbili, vijisarafu vidogo vidogo, habari ikazagaa kote, na sisi tukaamini kabisa kwamba kwenye ukuta wetu nako zimo. Tulichimba likizo nzima. Hatukupata fedha, lakini Ami hakukosa chubwi mwaka ule.

Leo tumeukuta ukuta umemeguka nusu, magugu yamepanda juu, mwembe upo. Mwanangu akaazima panga kwa mlinzi wa shamba, akakwangua kwangua, na baada ya muda akatoa kidonge cha kijivu kilichobondeka upande mmoja. Akampa babu yake. Ami hakukileta machoni. Alikizungusha kwa kidole gumba na cha shahada, akakipapasa kile kiuno.

"Ya Diana," akasema. "Ya .22 ingekuwa nzito zaidi. Na aliyepiga hii alikuwa mfupi, imo chini mno."

Wote wawili wakanitazama mie.

Alhamisi

Siku ya Arafa, tumefunga. Nyumba ya jirani wao walifunga jana kwa hesabu yao, na leo wanapika sikukuu, harufu ya pilau inatupitia dirishani. Pemba hayo tumeyazoea, unampa mkono wa Idd mwenzio na wewe una swaumu.

Ili siku ipite tukaenda Kidike kutazama popo. Hawa ni wale popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kwingine duniani, mabawa yakifunguka ni zaidi ya mita moja na nusu. Wananing'inia kwenye miti mchana kutwa wakigombana. Zamani walikuwa kitoweo, na watu walikuja na bunduki za marisau wakasimama chini ya mti wakapiga juu, mpigo mmoja unaangusha kadhaa na kujeruhi wasiohesabika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha. Katika miaka ya 1990 vijiji vikaanza kuwalinda, na sasa wamerudi kwa maelfu. Pale Kidike wanakijiji wenyewe ndio wanaokutembeza.

Ami hakuwahi kupiga popo. Hakujifanya mtetezi wa wanyama. Alisema kulenga ndani ya kundi si kulenga, na hiyo ndiyo sababu pekee aliyoitoa tulipokuwa wadogo. Leo alikaa chini ya mti, kofia usoni, akisema wanamnyea.

Ijumaa

Idd. Sala, mikono, watoto wanadai sikukuu yao. Nyama imegawiwa kabla ya adhuhuri. Nyumba tulizopita siwezi kuzitaja zote na kila moja ina biriani.

Jambo moja la jikoni. Moto wa makumbi ulikataa kushika, Shangazi akanyoosha mkono nyuma ya mtungi akatoa chuma chembamba, akakiweka mdomoni, akapuliza. Moto ukaitika papo hapo. Nikakitazama vizuri: kina kilengeo cha mbele.

"Shangazi, huo si mtutu wa Diana?"

"Ulitaka nifanye nini nao? Springi ilikufa, mbao zililiwa na mchwa." Akapuliza tena. "Hakuna kipulizio kama hiki Wete nzima."

Ile .22 Ami aliirudisha polisi kwa hiari yake, macho yalipoanza ukungu na safari za kuhuisha kibali zilipomchosha. Stakabadhi anayo hadi leo, kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa.

Jumamosi

Tukateremka Chake, kiwanja cha sikukuu Tibirinzi. Mabembea, aiskrimu, miwani ya plastiki, ngoma tatu zinalia kwa wakati mmoja. Mwanangu ndiye aliyekiona kibanda: ubao umebandikwa maputo, meza, na bunduki ya upepo iliyofungwa mkanda wa mpira kwenye kitako. Risasi tatu shilingi elfu moja, ukipasua zote tatu unapewa soda. Mwenye kibanda ni kijana wa makamo ya mwanangu, ana maneno mengi.

"Karibu mzee, karibu, leo ya bure kwa wazee! Si ya bure, lakini karibu."

Ami akalipa. Akaiweka bunduki juu ya kiganja kilichofunguka. Macho yote mawili wazi, hata lile lenye ukungu. Ikalia. Puto halikupasuka.

"Mzee pole!"

"Chini kushoto," Ami akasema, "kama shibiri."

Kijana akacheka. Mwanangu akainama kwenye ubao, akatafuta, akalitia kidole tundu jipya, chini kushoto, na hakucheka. Risasi ya pili Ami aliielekeza juu kulia ya puto, mahali pasipo na kitu, na puto likapasuka. Ya tatu vile vile. Mbili kwa tatu, hakuna soda. Akatoa elfu nyingine.

Watu walianza kusimama. Soda ikatoka. Kisha Ami akanipa bunduki mie, mbele ya umati, na buibui langu, na mkoba wa mkononi ambao sikujua niuweke wapi mpaka msichana mmoja akanipokea. Mtutu ulikunjika kwa sauti ile ile ya springi. Nikautia kidonge, nikafunga, nikapumua nikaachia nusu ya pumzi. Sitasema nilipata ngapi. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walipiga vigelegele, na hilo linatosha.

Mwanangu akafuata. Akafyatua.

"Imekwenda wapi?" Ami.

"Sijui babu."

"Basi hukupiga, umefyatua tu. Tena."

Akafyatua tena, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kushoto, lakini si chini sana." Alikosa puto kwa kidole kimoja, na tundu lilikuwa hapo hapo aliposema. Ami alitingisha kichwa mara mbili, akaingiza mkono mfukoni kutafuta elfu nyingine.

Alipokwisha kulipa akaigeuza bunduki, akaukagua mtutu kwa ukucha. Kilengeo cha mbele kilikuwa kimelala kulia.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "nipatie msumari na jiwe. Nakigonga mara moja, inanyooka."

Kijana akaiwahi bunduki kwa mikono miwili.

"Babu, nakuomba. Ikinyooka hii, mie sikukuu nitakula nini?"

Ami alicheka mpaka akakohoa, ikabidi akalishwe kwenye kiti cha kijana mwenyewe, na soda yake akainywea hapo huku akiwaambia wateja wanaofika walenge juu kulia, mpaka tukamwondoa.